UZI: Mfadhili anataka alama za vidole za familia za mitaani ndio tuendelee kupata unga. Tukubali?

Mlezi_MlangoKubwa

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu mniwie radhi, ila naomba msome mpaka mwisho kabla ya kujibu juu nahitaji mawazo ya watu wanaojua hizi mambo.

Mimi nasaidia kwa kituo kidogo huku Mlango Kubwa, Nairobi. Si home, hatulazi mtu. Ni mahali pa kuoga, kufua nguo, uji asubuhi na chakula saa saba, kuna nesi anakuja kusafisha vidonda, na wale wadogo tunawafundisha kusoma. Wengi wanatoka bezi (pale watu wa mitaani wanakaa na kulala) za Globe, Muthurwa na kando ya mto. Sasa mmoja wa wafadhili wetu ametuambia kuanzia mwaka ujao kila mtu anayekula kwetu lazima aingizwe kwa sistimu moja ya kompyuta: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, picha ya uso, vidole vyote kumi, mahali analala usiku, kama anavuta gamu, hali yake ya HIV, kama amewahi kushikwa na polisi. Na hiyo sistimu itakuwa inaonekana na vituo vyote wanavyosaidia pamoja na "washirika wa serikali". Washirika gani? Tumeuliza, hatujajibiwa. Asiyeingizwa, chakula chake hakilipwi.

Niseme mapema mimi sipingi kuhesabiwa. Kabla ya 2018 kila mtu alikuwa na namba yake, utasikia watoto wa mtaani Kenya ni 250,000, mwingine 300,000, na kila andiko la kuomba pesa lilikuwa linanakili hizo namba bila kuuliza zimetoka wapi. Alafu 2018 ikafanywa sensa ya familia za mitaani chini ya ule mfuko wa kurekebisha familia za mitaani, ule ulioanzishwa 2003, na ikapata watu 46,639 nchi nzima, wanaume 33,505 na wanawake 13,134. Nairobi peke yake 15,337. Mombasa 7,529. Najua kuna waliojificha usiku huo na kuna waliokosewa, lakini angalau ukienda kwa kaunti kuomba choo cha umma karibu na Muthurwa una namba ya kuweka mezani. Na kupata namba kama hiyo hakuhitaji mtu aseme anaumwa na nini.

Kwa hivyo kuhesabu watu na kuandika watu mimi naona ni kazi mbili tofauti kabisa. Ile ya kwanza inauliza tupike sufuria ngapi. Hii ya pili inauliza wewe ni nani, unalala wapi, na polisi walikushika lini, na mtu akiwa na hizo tatu pamoja na picha yako hahitaji kitu kingine chochote siku akitaka kuja kukuchukua saa nane ya usiku.

Wenzangu kwa kituo wamegawanyika. Kuna wanaosema tutie sahihi juu bila hiyo pesa tunafunga, na ni kweli tunaweza kufunga. Nyinyi mngefanya nini?

Baba_Njeri_Umoja

Kama hawana kitu wanaficha si waandikwe tu. Sisi wote tumeandikwa, ID, KRA ya kodi, SHA ya matibabu, laini ya simu, benki. Kwa nini wao wawe tofauti? Alafu kuna wezi wanajificha huko kwa bezi, hilo nalo tuseme ukweli.

Sheria_kwa_Wote

Baba Njeri kwa heshima, wewe uliandikwa ukiwa umeshiba. Hapo ndio tofauti iko na sheria pia inaiona hivyo.

Mlezi, nakupa vitu vya kushika mkononi ukienda kuongea na hao watu.

Kwanza hiyo ya HIV itoke leo. Sheria ya HIV ya 2006 inalinda hiyo siri, na tena tulishapitia hii njia. Februari 2015 rais wa wakati huo alitoa agizo wakuu wa kaunti wakusanye data ya watoto wa shule wanaoishi na virusi, walezi wao, na akina mama wajawazito na wanaonyonyesha. Kesi ikaenda Mahakama Kuu na Desemba 2016 mahakama ikasema kukusanya kwa namna ile, jina likiwa limeunganishwa na hali ya mtu, ni kinyume cha katiba, na ikaamuru majina yaliyokwisha kukusanywa yageuzwe kuwa alama za siri ili mtu asitambulike. Hao walikuwa watoto wenye nyumba na shule na wazazi, na bado mahakama iliona ni hatari. Wa kando ya mto je?

Pili, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Idhini lazima iwe ya hiari. Ukimwambia mtu mwenye njaa weka kidole ndio upewe sahani, hiyo idhini haina miguu ya kusimama mbele ya kamishna wa data, maana sheria yenyewe inataka uangalie kama huduma imefungwa kwa idhini ya kitu ambacho huduma haikihitaji. Kupakua ugali hakuhitaji alama za vidole. Na mtoto hawezi kujitolea idhini, mzazi au mlezi ndiye anatoa, na iwe kwa faida ya mtoto. Sasa huyo wa miaka tisa aliyetoka nyumbani Murang'a akaja peke yake, nani atamsainia? Msaidizi wa kituo si mlezi wake kisheria.

Tatu, wakuonyeshe tathmini ya athari kwa ulinzi wa data, yaani data hii inaweza kumdhuru mtu vipi na watazuiaje. Ni karatasi, iombeni kwa jina hilo hilo. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilisimamisha kadi za Huduma, vile vitambulisho vipya vya serikali, kwa sababu serikali haikuwa imefanya hiyo tathmini. Serikali nzima ilirudishwa nyuma kwa hilo, sembuse mfadhili.

Na usisahau Worldcoin, ile kampuni ya sarafu ya mtandaoni. 2023 watu walipiga foleni KICC kuskaniwa macho wapate kitu cha kama elfu saba, serikali ikasimamisha Agosti, na Mei 2025 mahakama ikaamuru zile data zifutwe. Hao wengi walikuwa watu wa kazi na chuo, wakakubali juu ya elfu saba. Mtu wa bezi atakubali juu ya uji, na huwezi kumlaumu.

Mkisii_Minnesota

Nimesoma nikaona niseme kitu juu hii ndio kazi nafanya huku Marekani, niko kwa shelta miaka sasa.

Huku kuna sistimu inaitwa HMIS. Bunge lao mwaka 2001 lilitaka kila eneo linalopokea pesa za serikali kuu za watu wasio na makao liwe na data ya nani anahudumiwa, 2004 wizara ya nyumba ikatoa viwango vya nini kiandikwe na kitunzwe vipi, na tangu hapo ukitaka hizo pesa unaingiza. Jina, namba ya hifadhi ya jamii, tarehe ya kuzaliwa, ulilala wapi jana, una ulemavu, ulikuwa jeshini, umeingia lini umetoka lini na umeenda wapi. Alafu kila Januari kuna usiku mmoja wa kuhesabu watu. Ule wa Januari 2024 walipata 771,480, imepanda asilimia 18 kwa mwaka mmoja. Kwa hivyo wa kwanza kukwambia data haijengi nyumba ni mimi. Zaidi ya miaka ishirini ya kuandika watu na hesabu imefika hapo.

Lakini nisiwe mwongo, inasaidia. Kabla mtu afike kwangu naona amekuwa shelta tatu, naona kuna mtu alishaanza kumtafutia kitambulisho, simrudishi mwanzo. Mtu anachoka sana kusimulia maisha yake mabaya kila mlango anaobisha. Na pesa ikienda mahali watu wanatoka mtaani na hawarudi, inaonekana.

Vitu viwili vya huku ningetaka Nairobi waige kabla ya kuiga kompyuta yenyewe. Moja, kituo cha wanawake waliokimbia vipigo KIMEKATAZWA na sheria kuingiza majina yao kwa HMIS. Si kwamba wanaruhusiwa kukataa, wamekatazwa. Wana yao ya pembeni, wanatuma jumla tu. Walifanya hivyo juu mume akiwa na rafiki mwenye paswadi atampata. Mbili, kwa kila swali kuna nafasi ya kuandika kwamba huyu hakutaka kujibu, na mtu akikataa habari zake zisisambazwe kwa vituo vingine haondolewi kwa foleni ya msaada kwa sababu hiyo. Kwa hivyo yule anayekwambia "hata Marekani wanaandika" mwambie basi alete yote, asilete nusu.

KaziYaWatoto_254

Mimi nitatofautiana na wengi na naomba mnisikilize, nimefanya kazi ya watoto kwa muda mrefu, ofisini na nje.

Mnaongea kama data ni ya kuwakamata watu tu. Mimi nimeona kukosekana kwa data kukiumiza mtoto. Kuna kijana mama yake alikuwa anamtafuta kutoka Busia, amezunguka vituo na picha mkononi mpaka viatu vikaisha, na kumbe kijana alikuwa anakula kila siku kwa kituo kilichoko steji mbili kutoka pale mama alikuwa ameulizia. Alijiita jina lingine. Watoto hawa kila home anatoa jina lake, kwa askari jina lake, na hadithi yake pia anaipanga kulingana na nani anauliza. Simlaumu, ndio amejifunza kuishi. Lakini kungekuwa na mahali vituo vinaongea huyo mama hangezunguka hivyo.

Alafu kuna hili hamjaligusa. Home zinalipwa kwa vichwa. Mtoto mmoja anaweza kuwa kwa orodha ya home tatu, kila moja inamwombea pesa ng'ambo na picha yake kwa tovuti akiwa analia. Kuna walioficha watoto wenye wazazi ili wafadhili wasipungue. Ndio sababu serikali ilifunga usajili wa home mpya Novemba 2017, na ndio sababu kuna Sheria ya Watoto ya 2022 na ule mkakati wa 2022 mpaka 2032 wa kurudisha watoto kwa familia badala ya kuwajaza kwa mabweni. Huwezi kurudisha mtoto ambaye hujui ni nani. Ile sistimu ya serikali ya ulinzi wa watoto, CPIMS, ipo kwa kazi hiyo: kesi ya mtoto ifuatwe kutoka afisa mmoja mpaka mwingine. Home lazima zisajiliwe, zikaguliwe, ziseme mtoto aliingia lini kwa amri ya nani na anatoka lini. Hapo mimi sitapunguza hata neno.

Kwa hivyo Mlezi usiseme hapana kwa kila kitu. Kwa watoto sema wapitie kwa afisa wa watoto, faili ifunguliwe vizuri. Huyo mfadhili wako hana haja ya kuwa na CPIMS yake ya pembeni.

Mlezi_MlangoKubwa

@KaziYaWatoto asante sana, na hapo mwisho umenifungua macho. Kwa watoto nakubali faili iwe moja na ikae kwa mwenye jukumu kisheria. Na picha za kulia kwa tovuti hata mimi zinaniuma, 2023 kuna shule ya hapa Nairobi ilipigwa faini ya 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, nashangaa wa mitaani wanapigwa picha kila Krismasi na hakuna anayeuliza.

Lakini wetu wengi ni watu wazima, wengine wamezaa hapo mtaani na watoto wao wamezaa.

NilitokaBezi

Mimi sitaandika sheria. Nilikaa nje kutoka nikiwa mdogo mpaka ndevu zikaota. Sahii nauza viatu Gikomba, nina nyumba ya kupanga, nina bibi na mtoto.

Baba Njeri umeuliza tunaficha nini. Tulikuwa tunaficha mahali tunalala. Ni hicho tu mtu wa mtaani anacho. Ukijulikana unalala wapi lori linakuja usiku, mnarushwa ndani na wamama na watoto, mnaachwa mbali huko gizani hujui ni wapi, mnatembea kurudi siku mbili, mkirudi blanketi zimechomwa. Mimi nimelala kwa hilo lori. Kila kukiwa na wageni wakubwa mjini tulikuwa tunajua. Na kabla ya lori kulikuwa kunakuja watu wapole na daftari, wanauliza mko wangapi na mnalala wapi. Sijui kama walitumwa na hao wa lori ama la, sitasema uongo, lakini sisi tulizishika hizo mbili pamoja na mpaka leo ukienda bezi na daftari watu wanatawanyika. Hao ndio unataka kuwashika vidole.

Nikwambie pia kitu kingenisaidia na hakuna aliyekiandika. Nilipofika kumi na nane nilitaka ID. Naambiwa lete cheti cha kuzaliwa, sina. Lete ID ya mzazi, mama alikufa, baba simjui. Lete barua ya chifu, chifu ananiuliza unaishi kwa nani. Nilihangaika miaka. Bila ID hakuna laini ya simu yangu, hakuna Mpesa, kazi ya mjengo unalipwa kupitia mtu mwingine anakata yake. SHA imeanza Oktoba 2024, kuna mwenzangu alienda kujiandikisha wanauliza nyumba yako ina sakafu ya nini, paa la nini, choo ni cha aina gani. Akatoka akaenda zake.

Lakini kuna kituo kimoja msista alikuwa ameandika kwa kitabu siku nilipoingia, na kila mwaka nikipita alikuwa anaandika tena. Kile kitabu ndio kilisimama kama mzazi wangu. Alitoa nakala ya kurasa zangu, akaandika barua, tukaenda nayo na nikapata ID. Kwa hivyo mimi sisemi tusiandikwe. Niandike, lakini kile umeandika nikupate nacho siku nakihitaji, na kisiende kwa mtu mwingine bila mimi kujua.

Sheria_kwa_Wote

Ndugu nimesoma hii mara mbili. Hiyo unayosema iko kwa sheria, mtu ana haki ya kuona data yake, kuisahihisha na kupewa nakala. Na kwa hao wa kushika watu kwa sababu tu hawana pa kulala, Mahakama ya Afrika pale Arusha ilitoa maoni Desemba 2020 kwamba sheria za uzururaji zinakiuka Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu. Hapa kwetu Sheria ya Uzururaji ilifutwa 1997, kilichobaki ni tabia.

Baba_Njeri_Umoja

@NilitokaBezi pole sana kaka. Hilo la lori sikuwa nalijua. Bado nasema mwizi aandikwe, lakini aandikwe na polisi kwa kosa lake, si kwa mahali anakunywa uji.

Wambo_Ldn

Naongeza moja fupi. Nilisoma London. Huko mashirika yanayozunguka usiku yanaingiza watu kwa data inaitwa CHAIN, nia ilikuwa njema kabisa, mtu apatiwe kitanda. 2017 ikajulikana kwamba kutoka kwa hiyo data kulichorwa ramani ya raia wa kigeni wanaolala nje wako mitaa gani, ikafikia wizara inayofukuza watu nchini, na wakati huo kulikuwa na sera ya kuwarudisha raia wa Ulaya kwao kwa sababu ya kulala nje. Desemba 2017 Mahakama Kuu yao ikasema hiyo sera ni haramu. Lakini waliorudishwa walikuwa wamesharudishwa. Waliokusanya wanaweza kuwa watu wazuri, swali ni nani atafungua hiyo data miaka miwili baadaye. Hao "washirika wa serikali" Mlezi msiache mpaka watajwe moja moja.

Fundi_wa_Data

Kwa upande wa ufundi, shida ya mtu kuhesabiwa mara tatu haihitaji vidole. Australia huduma za watu wasio na makao wanatumia ufunguo: herufi chache kutoka jina la ukoo, chache kutoka jina la kwanza, tarehe ya kuzaliwa na jinsia, jumla herufi na tarakimu 14. Takwimu za nchi zinapokea ule ufunguo, jina lenyewe halipandi juu.

Lakini msikimbie kuinakili. Hapa jina linabadilika, ni kama KaziYaWatoto amesema, na tarehe ya kuzaliwa wengi hawaijui, utajaza watu wote Januari mosi na ufunguo utawachanganya. Na mtu anayekujua vizuri bado anaweza kuuvunja. Mimi kwa kituo kidogo ningetoa kadi ya namba tu, namba haina maana nje ya kituo, daftari la majina linakaa kwa kabati yenye kufuli na watu wawili wenye ufunguo. Mfadhili anatumiwa jumla kwa mwezi: sahani ngapi, vidonda vingapi, wangapi wapya, wangapi walipata ID, wangapi walirudi nyumbani na bado wako nyumbani baada ya miezi sita. Hiyo ya mwisho ndio ingeniambia kama kituo kinafanya kazi. Vidole kumi havisemi chochote juu ya hilo.

Na muulize data ikivuja nani anapigiwa simu. Sheria inataka kamishna ajulishwe ndani ya saa 72. Huyo wa bezi ambaye hana simu wala anwani mtamjulisha vipi?

Mlezi_MlangoKubwa

Nimekaa na wenzangu leo jioni nikawasomea uzi wote, ya NilitokaBezi nimesoma mara mbili. Tumekubaliana hivi na barua inaandikwa.

Kadi za namba tunaanzisha sisi wenyewe, kila mtu akitaka. Jumla za kila mwezi mfadhili atapata, na mkaguzi wake akija ataruhusiwa kukaa siku nzima ahesabu sahani kwa macho yake. Watoto wanapitia kwa afisa wa watoto. Mahali pa kulala hatuandiki kabisa, si kwa kompyuta si kwa karatasi. HIV inabaki kati ya mgonjwa na nesi na kliniki. Vidole na picha za uso hapana. Na kila aliye na kadi tutamwekea ukurasa wake, siku aliyofika, nani anamjua, akihitaji barua ya kwenda kwa chifu tunayo.

Mambo ya polisi pia hapana. Wakikataa tutakosa unga wa karibu nusu mwaka, tumeangalia hesabu, ni ngumu lakini kuna makanisa mawili na wamama wa soko la Muthurwa wamesema tuwaone.

Tumebaki na jambo moja. Tunataka ile tathmini ya athari tuifanye sisi wenyewe kwa hii ya kadi, ili tusidai kwa mfadhili kitu sisi hatuna. Hakuna kati yetu anayejua inaandikwaje na pesa ya wakili hatuna. Kuna mtu?

Sheria_kwa_Wote

Mimi nitasoma barua kabla iende, tuma leo usiku.

Dada_wa_Ngara

Niliandika moja ya zahanati ya mtaa mwaka jana, kurasa kama kumi na mbili. Niko karibu, Jumamosi asubuhi nitakuja na kompyuta. Nitumie maelekezo kwa inboksi, na umwambie nesi awepo, maswali mengi ni yake.